Dubwana na Paa la Hospitali

Kwenye redio ile ndogo, iliyokuwa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kila mtu alikuwa na kazi mbili. Mhariri wa vipindi ndiye pia aliyekuwa fundi mitambo. Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyesoma matokeo ya mpira. Na yule mama aliyeketi mapokezi, akipokea matangazo ya vitambulisho vilivyopotea na ya maji yatakayokatwa, ndiye aliyeingia studio kila Jumamosi asubuhi kuzungumzia filamu. Wasikilizaji walimwita Bi Sinema. Jina likamganda mpaka sokoni, hata muuza nyanya akawa anamwita hivyo, ingawa muuzaji huyo hajawahi kukanyaga ukumbi wa sinema maishani mwake.

Hakusomea kazi hiyo. Alipenda filamu, na Mungu alimjalia ulimi. Siku moja, zamani, mtangazaji wa asubuhi alichelewa, hewani kukawa kimya, mhariri akamsukumia maikrofoni na kumwambia aseme lolote lile linalomjia. Akasimulia filamu aliyoitazama wiki ile. Simu zikaanza kulia, na tangu hapo hakuwa na pa kutorokea.

Watu walimpenda kwa sababu alijua anachokitaka. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Filamu ikiwa mbovu, aliisema mbovu, tena kwa jina la kila aliyeiharibu, kuanzia mwandishi mpaka aliyeshona nguo. Ikiwa nzuri, aliisimulia mpaka mtu anasahau pasi juu ya shati. Kwa hiyo habari zilipofika kwamba Dubwana la Machimbo imetengenezwa upya, mjini kote hakuna aliyeuliza nani ataizungumzia.

Filamu ile ya zamani kila mtu wa rika lake aliitazama, au alidai aliitazama. Wachimba mawe wanalipua baruti mahali wasipopaswa kulipua, na kutoka chini ya machimbo kunaibuka dubwana lenye magamba, kubwa kuliko jengo lolote la mji. Linaingia mjini. Basi, ndiyo hiyo hadithi yote. Bi Sinema aliitazama kabla hajaanza shule, wala hakuitazama tena, lakini ndiyo iliyokuwa kipimo chake. "Filamu yenye roho," alikuwa akisema hewani, "ni ile ambayo hata dubwana lake lina huruma." Kisha anawasimulia kile kipande: mji unawaka, watu wanakanyagana, dubwana limemshika mtoto wa kike kiganjani. Unadhani litammeza. Halimmezi. Linatembea naye taratibu mpaka hospitali, linamlaza juu ya paa, linamgusa kichwani kwa ncha ya ukucha, kisha linageuka na kwenda zake.

Alikisimulia kipande hicho mara nyingi sana, na kila mara sauti ilimkaukia kidogo palepale, kwenye ukucha.

*

Filamu mpya aliitazama Ijumaa mchana, kwenye ukumbi ulio ghorofa ya juu ya jengo la maduka. Alivaa koti kwa sababu ya kiyoyozi, akachagua kiti cha katikati, akazima simu. Filamu ilipokwisha alibaki ameketi mpaka mfagiaji akafika kwenye safu yake na kumwomba ainue miguu.

Kwanza, filamu ilikuwa na jina lilelile la zamani, bila hata nyongeza. Pili, machimbo yenyewe hayakuonekana. Yalitajwa tu na mwanamke mmoja mtaalamu, ambaye alizungumza sana huku akitembea haraka kwenye veranda ndefu. Dubwana lilitokea kwenye mvua na giza, na kila Bi Sinema alipofikiri ameliona vizuri, kumbe ni jengo. Halafu likaja dubwana la pili, lenye mabawa, lililotoka baharini, na hilo ndilo lililosemekana kuwa baya. La kwanza sasa lilikuwa zuri. Au lilikuwa baya na likawa zuri. Hapo hakuwa na hakika, kwa sababu lilivunja nusu ya mji kabla ya kuuokoa, kisha watu wakasimama juu ya vifusi vya nyumba zao na kulipigia makofi.

"Nani atawajengea?" Bi Sinema alijikuta akiuliza kwa sauti. Kijana aliyekaa mbele yake akageuka na kumtazama.

Nje, kwenye ngazi zinazojiendesha, aliwasikia watazamaji wakibishana. Mmoja alisema ni filamu bora ya mwaka. Mwenzake alisema alilala. Msichana mmoja alikuwa akijifuta machozi, na alipoulizwa analilia nini, akajibu kwamba hata yeye hajui. Bi Sinema akamwonea wivu. Angalau yule alikuwa amelia. Yeye hakujua kama amependa au amechukia, na kwa mtu wa kazi yake, hilo lilikuwa kama mpishi aliyeamka na kukuta ulimi hauna ladha.

*

Jumamosi asubuhi aliketi mbele ya maikrofoni, mhariri akiwa upande wa pili wa kioo, kidole gumba kimeinuliwa. Taa nyekundu ikawaka.

Alianza vizuri. Akasema habari za mvua na giza, akamwigiza yule mtaalamu anavyotembea huku anahema, mhariri akacheka mpaka akashika meza. Lakini ilipofika mahali pa kusema kama filamu ni nzuri au mbaya, maneno yakakataa. Akakohoa. Akapiga mbio kuelekea mahali alipopajua.

"Niwaambie kilichonisikitisha," akasema. "Wamekiondoa kile kipande. Kile cha paa la hospitali. Umewezaje kuitengeneza upya Dubwana la Machimbo ukaacha paa la hospitali? Ni kama kumnyoa mtu ukamkata na masikio."

Simu ya kwanza ilikuwa ya dereva wa lori. "Bi Sinema, mimi nakukubali siku zote, lakini hicho kipande sikikumbuki."

"Ulisinzia, kaka yangu. Safari ndefu hizo."

Ya pili ilikuwa ya mama mwenye saluni, na wateja wake walisikika nyuma yake wakibishana. "Hapa kwangu tuko watu wa rika tatu, Bi Sinema. Hakuna anayekikumbuka."

Ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu, msikilizaji wa tangu mwanzo, mwenye sauti ya polepole. "Binti yangu," akasema, "filamu hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyomtazama mke wangu, na mwenyewe yuko hapa ananisikia. Kile kipande hakimo. Siku zote nilikuwa nakusikia ukikisimulia nikasema niache, labda yeye aliona nakala nyingine. Lakini leo umewalaumu watu kwa kuondoa kitu ambacho hakikuwapo. Hapo nikaona nipige simu."

Bi Sinema akatazama kioo. Mhariri hakuwa akicheka tena.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nimekiona kwa macho yangu."

"Sikatai, binti yangu. Nakwambia tu hakimo."

Mhariri akaweka wimbo kabla ya wakati wake.

*

Jumatatu mhariri alifika na filamu ya zamani kwenye kompyuta yake. Hakumpa pole wala hakumtania. Aliiweka juu ya dawati la mapokezi wakati wa chakula cha mchana, akavuta kiti, wakatazama wawili huku wakila.

Bi Sinema alishangaa jinsi dubwana lilivyokuwa dogo. Lilikuwa ni mtu ndani ya vazi, tena mshono wa mgongoni ulionekana. Lakini alipoiona ile mitaa ya maboksi na magari ya kuchezea, moyo ulimdunda kama wa mtoto. "Sasa hivi," akamwambia mhariri. "Likishapita kwenye daraja."

Dubwana likapita kwenye daraja. Mji ukawaka. Watu wakakanyagana. Mwanamume mmoja akapiga kelele, na katikati ya lugha yao ile ngeni, neno moja likasikika wazi: hospitali. Muziki ukashuka, ukawa wa taratibu, vinanda tupu. Bi Sinema akaweka kijiko chini.

Dubwana likaikanyaga hospitali. Halikusimama wala halikutazama chini. Lilikanyaga kama mtu anavyokanyaga boksi tupu, likaendelea na safari yake, na ule muziki wa taratibu ulikuwa wa mwanamke mmoja aliyebaki barabarani akilia.

"Rudisha nyuma," Bi Sinema akasema.

Mhariri akarudisha. Ikakanyagwa tena.

"Labda ni nakala nyingine."

"Nimetafuta," mhariri akasema. "Ni hii tu. Hakuna mtoto, Bi Sinema. Filamu nzima haina mtoto hata mmoja."

Kama angekuwa ameikosea rangi ya magamba, au jina la mtaa, angecheka. Lakini aliuona ukucha. Aliweza kusema ulivyopinda, na jinsi nywele za yule mtoto zilivyotikisika. Kitu ambacho hakikuwapo alikuwa nacho kichwani kwa undani kuliko sura ya mwalimu wake wa kwanza. Basi ni vingapi vingine? Alianza kujiuliza kuhusu harusi yake, na kuhusu nyumba aliyokulia, kama kweli ilikuwa na mlango wa bluu.

Alasiri ile aliingia studio kusoma matangazo, akawatangazia wananchi kwamba vitambulisho vitakatwa tangu asubuhi hadi jioni, na kwamba maji yamepotea karibu na kituo cha mabasi, atakayeyaokota ayapeleke polisi. Mlinzi wa mlangoni alipanda ngazi mbio kuja kumwangalia kama anaumwa.

"Nenda nyumbani," mhariri akamwambia.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa kaka yake.

*

Kaka yake alikuwa fundi wa majokofu. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati la kukunja, na majokofu yamesimama ukutani milango wazi, kama watu wanaosubiri kukaguliwa meno. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la bucha, spana mkononi, tochi mdomoni.

"Kaka."

Akatoa tochi. "Leo Jumatatu. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Niambie, mlango wa nyumbani ulikuwa rangi gani?"

"Bluu. Kwa nini?"

Alishusha pumzi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza yote: simu ya mzee, kompyuta ya mhariri, hospitali inayokanyagwa. Kaka yake alisikiliza mpaka mwisho, na kadiri alivyosikiliza, uso wake ulibadilika. Akaweka spana chini.

"Kile kipande hakimo?" akauliza.

"Hakimo."

"Hata kidogo?"

"Linaikanyaga, kaka! Pwaa! Na limeondoka!"

Kaka yake akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake iko mtaa mwingine. "Sasa hapo umenichanganya," akasema. "Mimi siku zote nilijua kimo."

"Na wewe ulikiona?"

"Nikione wapi? Mimi nilifumba macho."

Bi Sinema alimkodolea macho.

"Sikiliza," kaka yake akasema, akavuta kiti chenye mguu mmoja mfupi. "Unakumbuka kwa nini tulikwenda sinema siku ile?"

"Mjomba alitupeleka."

"Mjomba alitupeleka kwa sababu mama alikuwa anapasuliwa. Wewe ulikuwa mdogo, uliambiwa mama amekwenda kumtembelea shangazi. Mimi niliwasikia majirani. Walikuwa wanasema, akitoka salama ni bahati. Mjomba hakujua la kufanya na sisi. Akatukatia tiketi, akatukabidhi kwa mlinzi wa ukumbi, akaniambia, mshike mdogo wako usimwachie, naye akarudi hospitali. Hata hakuuliza ni filamu gani."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Basi, taa zikazimwa. Mara baruti, mara mguu. Mimi niliona mguu tu. Mguu mmoja ulinitosha. Wewe ukaanza kulia, nikavua sweta nikakufunika kichwa. Halafu nikafumba macho yangu mwenyewe, tena nikayakaza. Lakini wewe hukunyamaza. Ukawa unaniuliza chini ya sweta, linafanya nini? Sasa linafanya nini? Nikawa nakwambia."

"Unaniambia nini, na umefumba macho?"

"Ninachosikia! Wakipiga kelele, nasema linakimbiza watu. Ikitulia, nasema limechoka, limekaa. Halafu yule mtu akapaza sauti, hospitali! Neno lile nililielewa." Akachezea kitambaa. "Moyo ulinipasuka, mdogo wangu. Nikasema sasa linakwenda hospitali. Lakini muziki ukawa wa taratibu. Nikajiambia, muziki ukiwa hivyo, basi halijafanya ubaya. Nikakwambia, limembeba mtoto, linamweka juu ya paa la hospitali. Ukauliza, halafu? Nikasema, linampapasa kichwa. Ukauliza, kwa mkono? Nikasema, kwa ukucha, lakini kwa ncha tu."

Bi Sinema alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hakujua kama anataka kucheka au kulia, na hilo, tangu Ijumaa, lilianza kuwa ugonjwa.

"Miaka yote hii nasimulia watu redioni," akasema. "Unanisikia. Kwa nini hukuniambia kwamba ulitunga?"

"Nilijuaje kwamba nilitunga? Nilikuwa nimefumba macho! Siku ya kwanza nilipokusikia redioni ukilieleza lile paa, nilikuwa hapahapa, nachomelea bomba. Niliacha kazi nikasimama. Nikasema, kumbe! Kumbe nilipatia!"

Wakatazamana. Yeye aliamini kwa sababu kaka yake alimwambia, na kaka yake aliamini kwa sababu alimsikia yeye. Katikati yao hakukuwa na mtu aliyeangalia filamu.

"Hivi mama alitoka lini hospitali?" Bi Sinema akauliza.

"Alikaa kama mwezi hivi. Alirudi mwembamba, ukamkimbia ukidhani ni mgeni. Hilo hulikumbuki?"

"Hilo silikumbuki kabisa."

"Ndiyo hivyo," kaka yake akasema, akaokota spana. "Hilo ndilo la kweli."

*

Alhamisi mchana walikwenda pamoja kutazama filamu mpya. Wazo lilikuwa la kaka mtu. Alisema haiwezekani aliogope dubwana tangu utotoni wakati hajawahi kuliona zaidi ya mguu. Alivaa shati la kwenda kwenye shughuli, na alinuka sabuni.

Ukumbi ulikuwa mtupu nusu. Bi Sinema alitarajia kwamba mara ya pili ataelewa. Hakuelewa zaidi, tena alielewa kidogo kuliko mara ya kwanza, kwa sababu kaka yake hakunyamaza.

"Hili ndilo letu?"

"Hilo ni jengo."

"Na lile?"

"Lile ndilo letu."

"Mbona limekuwa na mkia mrefu hivyo? Nani alisema lina mkia?"

"Lilikuwa nao siku zote, kaka."

"Wewe unajuaje?"

Dubwana la mabawa lilipotoka baharini, kaka yake alisogea ukingoni mwa kiti, viwiko magotini. Alilipenda papo hapo. Lilipoangushwa na lile la machimbo, na watu wa kwenye filamu wakishangilia, yeye alipiga goti lake kwa ngumi. "Wamelionea!" akasema. "Lenyewe lilikuja kutafuta mayai yake. Hukuona mayai?"

"Mayai gani?"

"Yale kwenye meli! Ndiyo maana likaivunja meli!"

Bi Sinema hakuona mayai mara ya kwanza, na hakuyaona mara ya pili. Aligeuka kwa watu wa nyuma, mume na mke, akawauliza kwa adabu kama kulikuwa na mayai. Mume alisema ndiyo. Mke alisema yale yalikuwa mapipa.

Kisha likaja jambo ambalo mara ya kwanza hakulitilia maanani. Karibu na mwisho, dubwana la machimbo linapita kando ya jengo refu jeupe lenye taa. Linapunguza mwendo. Kichwa kinainama, jicho moja linajaa kwenye madirisha, halafu dubwana linaendelea. Ni kitambo kidogo tu, mvua inanyesha, huwezi kusoma kilichoandikwa mlangoni.

Alisikia mkono wa kaka yake ukishika mkono wake kwenye kiti, mkono mgumu wa spana.

"Hiyo ni hospitali?" kaka yake akanong'ona.

"Sijui."

"Inafanana."

"Inaweza kuwa hoteli, kaka."

"Limesimama, lakini."

"Limepunguza mwendo."

Hawakuachiana mikono mpaka taa zikawaka. Walipokuwa wakishuka ngazi, Bi Sinema alimtazama pembeni, akaona macho mekundu, akaamua kusema ni kiyoyozi. Kaka yake akakubali kwamba ni kiyoyozi.

*

Jumamosi mhariri alimngojea mlangoni mwa studio. Alikuwa mtu mwema lakini mwenye wasiwasi wa kazi yake. "Leo unarekebisha, sivyo?" akasema. "Sema ulikosea, omba radhi, halafu toa uamuzi kuhusu hii mpya. Watu wanauliza, ni nzuri au mbaya? Wiki nzima wananiuliza mimi, na mimi sijaitazama."

"Nitasema ninachokijua," Bi Sinema akajibu.

"Hilo ndilo linalonitia hofu."

Taa nyekundu ikawaka. Hakuigiza mtu yeyote siku hiyo. Aliwaambia wasikilizaji kwamba mzee alisema kweli, kipande hakimo, na dubwana la zamani liliikanyaga hospitali bila kuitazama. Akasimulia sweta. Akasimulia mvulana aliyefumba macho akisikiliza vinanda, akitafuta jambo jema la kumwambia mdogo wake. Hakutaja kwamba mama yao ndiye aliyekuwa hospitali. Alisema tu kwamba nyumbani kulikuwa na ugonjwa. Sauti ilimkauka, lakini si pale ilipozoea kukauka.

"Kuhusu filamu mpya," akasema, "nimeitazama mara mbili. Nilikuja hapa wiki iliyopita nikailaumu kwa kosa ambalo haikulifanya. Leo nilitaka niiseme vizuri, lakini nayo naona siwezi. Sijui kama dubwana lile ni zuri. Sijui kama yale ni mayai au mapipa. Kuna jengo jeupe, na sijui ni jengo gani. Kaka yangu anasema wamelionea lile la mabawa, na huenda yuko sahihi, yeye macho yake siku hizi ni mazuri kuliko yangu. Mimi nimechanganyikiwa, ndugu wasikilizaji. Nendeni mkaitazame, halafu mniambie nimeona nini."

Mhariri alifunika uso kwa mikono miwili.

Simu zilikuwa nyingi kuliko siku yoyote. Mama wa saluni alisema mteja wake mmoja sasa anaapa kwamba anakikumbuka kipande cha paa la hospitali, ila mtoto alikuwa wa kiume. Dereva wa lori alisema yale ni mayai, tena aliyahesabu. Mtu mwingine alimkemea: analipwa ili ajue, asipojua ampishe anayejua. Bi Sinema alimwambia ana haki ya kusema hivyo. Mtu yule alikuwa amejiandaa kubishana, akaishia kuuliza tu filamu inaanza saa ngapi.

Mwishoni akaingia yule mzee mstaafu.

"Binti yangu, jana niliitazama tena ile ya zamani," akasema. "Na mke wangu."

"Ehe, mzee wangu. Hakimo, sivyo?"

"Hakimo. Nilikuwa najua hakimo. Lakini tulipofika pale hospitali, muziki uliposhuka, wote wawili tulinyamaza. Nikalingojea dubwana." Akakohoa. "Mtu wa umri wangu, filamu naijua kwa moyo, namngojea mtu aliyevaa vazi la mpira asimame. Umenifanyia nini, binti yangu?"

"Sijui, mzee wangu," Bi Sinema akasema. "Hata mimi ningependa kujua."

Kipindi chake hakikufutwa. Mhariri alitishia mara moja, halafu akaacha, kwa sababu matangazo ya biashara yaliongezeka. Wasikilizaji wachache walihama, hasa wale waliotaka kuambiwa moja kwa moja. Wengine walibaki kwa sababu sasa nao walipewa nafasi ya kubisha. Bi Sinema anaendelea kuisema mbovu filamu iliyo mbovu, lakini mara mojamoja, katikati ya sentensi, anasita, anasema ngoja kwanza, labda sikuona sawasawa. Kaka yake huenda naye sinema siku ambazo hakuna kazi nyingi. Hawakubaliani karibu kila mara.

Kuhusu Dubwana la Machimbo, ile mpya, hakuwahi kutoa uamuzi. Watu humuuliza bado, sokoni, kwenye foleni, hata msibani. Yeye huwauliza kwanza kama wao waliliona lile jengo jeupe, na kila anayejibu humtajia jengo jingine.